Kijana Namba 117 wa Jamhuri ya Karibuni

Palikuwa na nchi, na kama kwenye ramani yako haipo, irudishe ramani dukani, umepunjwa. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Karibuni. Haikuwa na dhahabu wala mafuta. Walichimba wakakosa, wakachimba tena wakatoa maji ya chumvi, wakafukia, wakalaumu mvua. Mpaka siku moja mgeni kutoka Ng'ambo, aliyeshuka garini kutafuta choo, akawaona vijana wameketi juu ya kalavati wanaangalia barabara. Akauliza, "Hawa wanafanya nini?" Akajibiwa, "Hawa? Hawafanyi kitu." Mgeni akasahau choo, akatoa kalamu. Hapo ndipo Jamhuri ya Karibuni ilipoujua utajiri wake.

Tangu siku hiyo wakawa wanakuja. Kila msimu kundi la vijana wa Ng'ambo, wekundu wa jua, wapole, wana chupa za maji ubavuni kama watoto wa chekechea. Jumatatu mpaka Ijumaa waliwauliza vijana wa Karibuni kwa nini hawana kazi. Na kwa kuwa kuuliza kunachosha, Jumamosi na Jumapili walipanda mlima, wakaruka darajani huku wamefungwa kamba miguuni, na kuteremka maporomoko ya Mto Gugumo kwa boti la mpira. Mpango ukaitwa Utafiti na Matembezi. Ukapewa wizara, wizara ikapewa waziri, waziri akapewa magari.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Pendaheri Lugome, mwenye umri wa miaka sitini na saba, ambaye pia alikuwa Mwenyekiti wa Vijana wa Taifa. Msishangae. Katiba ilikuwa imerekebishwa kidogo, ikaongezwa kifungu cha ujana wa moyo.

Vijana mia tatu wa Kata ya Mporomoko wakachaguliwa kuwa sampuli. Wazazi wao hawakujua sampuli ni nini, walidhani ni cheo, wakapika pilau. Kila kijana akapewa fulana ya kijani yenye namba kifuani. Kisha ikatungwa sheria ya kuwahifadhi: aliye ndani ya sampuli asiajiriwe, asihame, asioe wala kuolewa, wala asipungue kwa namna nyingine yoyote, mpaka duru tatu za maswali ziishe.

"Huyu ukimpa kazi," Waziri aliwaeleza wabunge, "wageni wakija kuuliza kwa nini hana kazi tutawajibu nini? Tuseme uongo? Serikali hii haisemi uongo!"

Wabunge wakapiga meza. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na watu wana safari zao, sheria ya vijana ikapitishwa pamoja na ya kuhifadhi tembo, karatasi moja, pini moja.

*

Bi Siwazuri yeye hakuwa na namba. Alikuwa mama mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mjane, na kazi yake ilikuwa kufua. Kila Jumatatu asubuhi alikwenda kambi ya wageni na mkokoteni wake, akapakia viatu vya kupandia mlima vilivyojaa matope, na majaketi ya kuokolea watu majini, kumi na mawili, ya rangi ya chungwa. Getini mlinzi Kheri aliandika kila kinachotoka, jioni akaandika kila kinachorudi. Kule nyumbani Bi Siwazuri alikuwa na jiwe la kufulia, pana kama meza, alilorithi kwa mama mkwe wake. Jiwe hilo lilikuwa na shimo katikati kwa kusuguliwa. Alikuwa anasema matope ya mlima ule ameyajua yote bila kuupanda.

Namba alikuwa nayo mwanawe. Mfaume, miaka ishirini na miwili, mtoto wake wa pekee, namba 117. Mfaume alijua kuchomelea vyuma. Fundi wa mjini alikwisha kumwita mara mbili, njoo nikupe tochi na miwani, na mara mbili Mfaume akamjibu kwamba yumo kwenye sampuli, fundi akatia mikono mfukoni akarudi zake. Basi Jumatatu mpaka Ijumaa Mfaume alikaa akiulizwa kwa nini hana kazi, na Jumamosi alikaa mbele ya boti la mpira na kafi mkononi, akiwapitisha wageni katikati ya mawe ya Gugumo. Hiyo nayo haikuitwa kazi, maana kazi hakuruhusiwa. Iliitwa kushiriki. Mshiriki alipewa soda na mche wa sabuni.

"Sabuni ya nini sasa?" Bi Siwazuri alikuwa anamtania. "Kila siku uko majini, unanuka samaki mzima mzima."

"Ya kwako, mama. Si unanifulia?"

"Nakufulia wewe? Nafulia wageni. Wewe fulana yako ikikauka na jasho inasimama yenyewe, ipeleke ikajibu maswali."

Kulikuwa na swali moja walilolipenda, la arobaini na sita: Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Kila duru mama na mwana walilijadili kama watu wanaochagua kitambaa. Duru ya kwanza Mfaume alijibu kwamba anajiona kwenye karakana yake mwenyewe, anachomelea mageti. Duru ya pili akajibu, "Najiona Ng'ambo, nimekaa na daftari, nawauliza wao." Msichana aliyekuwa anamuuliza, mmoja anayeitwa Klara, alicheka mpaka kalamu ikamtoka. Kisha akaandika, maana Klara alikuwa mtu wa haki, aliandika kila alichoambiwa.

"Duru ya tatu nitajibu nini?" Mfaume aliuliza.

"Utapata tu," alisema mama yake. "Bado miezi minne."

*

Jumamosi ile Mto Gugumo ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha milimani siku tatu, na maji yalishuka mekundu, yamebeba magogo na mzoga wa mbuzi. Mfaume alisimama ukingoni, akatazama, akamwendea Mratibu.

Mratibu wa Sampuli, Bwana Fanuel Mkingule, alikuwa mtu wa miaka arobaini, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na ratiba ya mwaka mzima kwenye mfuko wa plastiki shingoni.

"Bwana Mratibu, leo mto si wa kuingia."

"Ratiba inasemaje?"

"Ratiba inasema saa tatu. Lakini mto..."

"Ratiba imechapwa, Mfaume. Imechapwa kwa rangi. Mto nani kauchapa?"

Wageni kumi na wawili wakavaa majaketi kumi na mawili. Mfaume hakuvaa, maana mwongozo wa wizara, ukurasa wa tisa, ulikuwa wazi: majaketi ni kwa ajili ya wageni, mwenyeji maji yanamjua.

Kwenye jiwe la nne boti lilipinduka. Klara alinaswa chini yake, na Mfaume ndiye aliyezama kumtoa. Alimsukuma juu, kichwa cha yule msichana kikaibuka na rangi yake ya chungwa, na watu ukingoni wakapiga vigelegele. Wakahesabu majaketi: kumi na mawili. Wakapongezana. Ilichukua muda kidogo mtu kukumbuka kwamba kuna mwingine ambaye hakuwa na rangi ya kumhesabu.

Walimpata saa nane, chini ya daraja lile la kurukia.

Bi Siwazuri alipofika, mwanawe ameshalazwa kwenye chumba cha barafu cha kambi. Kreti za bia zilikuwa zimetolewa nje kwa heshima. Mama alitaka kumchukua saa ile ile, kwa kuwa mtu kwao huzikwa siku yake. Mlinzi Kheri, ambaye alikuwa analia waziwazi, akamwambia, "Mama Mfaume, wamenikataza. Imeandikwa hakitoki kitu bila Mratibu."

"Na Mratibu yuko wapi?"

"Kaenda na wageni kupanda mlima. Ilikuwa kwenye ratiba ya mchana."

Jumapili Bi Siwazuri alikaa mlangoni mwa ofisi tangu alfajiri. Ilibandikwa karatasi: OFISI HAIPOKEI TAARIFA MWISHO WA WIKI. Akakaa hivyo hivyo. Bi Chausiku, jirani yake, akamletea chai, chai ikapoa, akaimwaga, akaleta nyingine.

*

Jumatatu saa mbili na nusu Mratibu alifika, akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akampa kiti. Hakuwa mtu mbaya. Katika Jamhuri ile watu wabaya walikuwa wachache sana, kazi yote ilifanywa na watu wa kawaida.

"Pole sana, mama. Nimesikitika. Sasa tatizo letu ni hili: namba 117 hajamaliza. Bado duru moja."

"Amekufa, baba."

"Naelewa. Lakini alikufa Jumamosi. Utafiti ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwa upande wa utafiti, Ijumaa saa kumi na moja tulimwacha mzima. Fomu ipo."

"Basi alikufa kazini kwenu."

Mratibu akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mtoto kufunga kamba za kiatu. "Kazini vipi, mama? Yeye hana kazi. Tumethibitisha mara mbili. Ni moja ya matokeo yetu imara kabisa."

Bi Siwazuri akasogeza kiti karibu na meza. Akasema, "Mimi sitaki maneno. Nataka mwanangu nimzike. Leo siku ya tatu yuko kwenye friji ya bia."

"Ndiyo. Sasa kuzikwa ni kupungua. Sheria inataka kibali cha kutoka kwenye sampuli, na hicho kinasainiwa na Mtafiti Mkuu, Ng'ambo, na Mtafiti Mkuu yuko likizo. Anapanda mlima." Akafungua droo, akafunga, akafungua tena. "Lakini kuna njia. Fomu ya mbadala wa kaya. Mtu wa nyumba moja anaingia mahali pa kijana, anajibu duru ya tatu, sampuli inabaki mia tatu. Nyumbani mko wangapi?"

"Tulikuwa wawili."

"Basi ni wewe."

"Mimi nina miaka hamsini na minane. Tena mwanamke."

"Kuna kifungu cha ujana wa moyo," alisema Mratibu, akipuliza vumbi kwenye mhuri. "Na hilo la pili, fomu ina kisanduku kimoja tu cha jinsia, nacho kimeshajazwa."

"Nikikubali, nitamzika?"

"Tukishakuapisha, mama, hakuna mtu atakayeuliza habari za upungufu. Hautakuwapo."

Bi Siwazuri alisoma mpaka darasa la nne, na hapo alikuwa hajalala siku mbili. Alisikia alichotaka kusikia. Akaweka kidole gumba.

*

Jumanne Waziri akaja mwenyewe. Kijana mpya wa taifa haapishwi hivi hivi. Likasimamishwa turubai, wageni kumi na wawili wakaketi mbele, Klara akiwa na bandeji kichwani na macho yamevimba. Bi Siwazuri akavikwa fulana ya kijani juu ya kanga zake za msiba. Ilikuwa mpya, ya Mfaume ilikuwa bado mwilini mwake kule kwenye barafu.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa Pendaheri Lugome, na kipaza sauti kikalia, naye akakingoja kinyamaze kama anayengoja mkubwa mwenzake. "Kuna wanaosema vijana wa nchi hii wanakufa. Naomba wanitajie mmoja! Sampuli ilikuwa mia tatu. Leo ni ngapi? Mia tatu! Nchi ngapi jirani zinaweza kusema hivyo? Kijana namba 117, simama tukuone. Angalieni! Ana miaka ishirini na miwili, hana kazi, ana matumaini!"

Makofi yakapigwa dakika mbili, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Wakati wa soda Bi Siwazuri akamfuata Mratibu nyuma ya turubai. "Baba, nimeshaapa. Naomba sasa nikamchukue mwanangu."

Mratibu akamtazama kwa ukali kidogo. "Kijana, husalimii?"

Bi Siwazuri hakuelewa. Kisha akaelewa. Katika mtaa ule yeye ndiye aliyempokea Fanuel Mkingule alipozaliwa, mkunga alikuwa hajafika, akamfuta pua kwa upindo wa kanga yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sasa, unamtaka mwana yupi? Kijana wa namna yako hana watoto, fomu inasema. Na kama unamsema namba 117, huyo nimemwona hapa hapa, ameapa, anakunywa soda. Mtu mzima hawezi kuzikwa. Nikikupa kibali cha kumzika mtu aliye hai nitafungwa mimi."

"Na yule aliyemo kwenye barafu?"

Mratibu akalifikiria kwa dhati, maana ni kweli lilikuwa swali gumu. "Kilichomo kwenye barafu," alisema mwishowe, "kwa sasa hakina jina. Kiliokotwa mtoni wakati wa matembezi, kwa hiyo ni cha matembezi. Kitakaa na vifaa vingine mpaka tupate maelekezo." Akageuka, kisha akakumbuka kitu. "Ah, na ile kufua, kijana, leo ndiyo mwisho. Mtu wa sampuli haruhusiwi kuwa na kazi. Malizia vya wiki hii."

*

Bi Siwazuri alisimama pale na soda yake. Bi Chausiku aliyekuwa pembeni akadhani ataanguka, akamshika kiwiko.

"Shoga, kaa chini."

"Siwezi kukaa," alisema Bi Siwazuri taratibu. "Kasema nimalizie vya wiki hii. Vya wiki hii sijavigusa hata kimoja. Mkokoteni uko wapi?"

Saa tisa alasiri, Waziri akiwa mezani anakula kuku, mkokoteni wa Bi Siwazuri ukafika kwenye geti la kambi ukitokea ndani. Nyuma wanausukuma wanawake wawili, mbele anavuta yeye, fulana ya kijani imelowa mgongoni. Juu yamepangwa majaketi ya rangi ya chungwa, moja juu ya jingine, kwa uangalifu ambao matope hayajawahi kufanyiwa.

Mlinzi Kheri akafungua daftari la vitu vinavyotoka.

"Majaketi kumi na mawili," alisema Bi Siwazuri.

Kheri akaandika. Akautazama mkokoteni. Chini ya majaketi ulitokeza unyayo mmoja. Bi Chausiku akausogezea jaketi, akaufunika.

"Na nini kingine?" Kheri akauliza, kalamu bado juu ya daftari.

"Jaketi moja."

"La kumi na tatu? Hatukuwahi kuwa nalo, mama."

"Najua hamkuwahi kuwa nalo. Andika."

Kheri akaandika: Jaketi moja, la mtu mzima, limelowa. Akavua kofia, akainua kizuizi cha geti, akakishikilia juu mpaka mkokoteni ulipopotea kwenye kona, ingawa kilikuwa na kamba ya kukifunga.

Wanaume wa mtaa walikuwa wanangoja uani kwa Bi Chausiku na maji yameshachemka. Wakamkosha, wakamvika sanda, wakamswalia. Walikuwa wachache, wengi walikuwa kwenye kuku wa Waziri. Alizikwa kabla jua halijazama, safu ya tatu, karibu na ukuta. Kibao cha jina hakikuwekwa, mwandishi wa vibao aliogopa, akasema, "Nitaandikaje marehemu na leo redioni wamesema ana matumaini?"

Kesho yake Bi Siwazuri, ambaye hakuwa tena na kazi, aliuinua mkokoteni kwa mara ya mwisho. Wanaume wanne walimsaidia kupakia jiwe la kufulia. Wakaliweka upande wa kichwani, lile shimo lake la katikati likiangalia juu. Mvua iliponyesha likajaa maji, ndege wakawa wanakuja kunywa.

*

Miezi minne ikapita. Namba 117 alihudhuria kila Ijumaa, akawaamkia maofisa ambao angeweza kuwazaa, akapokea soda. Jumamosi jina lake lilisomwa kwenye orodha ya washiriki wa boti, na kila Jumamosi alikwenda mpaka ukingoni, akasimama mbele ya Mratibu, akasema, "Shikamoo. Leo naumwa tumbo la ujana." Hakuna kifungu kilichokataza. Wakampeleka kijana mwingine mbele ya boti, bila jaketi, na mto siku hizo ukawa mpole.

Ikafika duru ya tatu. Aliyetumwa kwake ni Klara. Msichana alikaa kwenye mkeka na fomu magotini, akaanza kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka kama rula.

"Je, una umri gani?"

"Ishirini na miwili. Nilikuwa nao, nimebaki nao."

Klara akaandika. "Je, una kazi?"

"Nilikuwa napitisha watu kwenye mawe. Si kazi, nimeambiwa."

Klara akaandika. Wakaenda hivyo mpaka swali la arobaini na tano. La arobaini na sita hakuweza kulisoma. Akaangalia karatasi, akaangalia mlango.

"Lisome, mwanangu," alisema Bi Siwazuri. "Hilo ndilo nililokuwa nalingoja."

"Unajiona wapi... baada ya miaka mitano?"

"Hapa huwezi kuliandika. Vaa viatu."

Wakatembea wawili hao mpaka makaburini. Klara alipoliona jiwe alilitambua; alikuwa amemwona Bi Siwazuri mara nyingi akisugulia hapo viatu, vikiwemo vyake mwenyewe. Akapiga magoti.

"Mimi hapa sikukuleta ulie," alisema Bi Siwazuri. "Kulia nimelia mimi, kunatosha. Wewe unaandika kila unachoambiwa, Mfaume alinisifia hivyo mwenyewe. Hapa yupo lakini hajaandikwa popote. Daftari la geti limemwandika jaketi. Redio imemwandika matumaini. Andika wewe. Kaburini. Mporomoko, safu ya tatu, kwenye jiwe la kufulia. Miaka mitano asiingoje, ameshafika."

Klara akaandika neno kwa neno, kwa wino, akatia sahihi yake chini, na tarehe. Bi Siwazuri, wa darasa la nne, akalisoma mwenyewe herufi moja moja, kidole kikitembea. Alipofika kwenye "kaburini" akalirudia. Siku hiyo alilala usingizi, wa kwanza tangu Jumamosi ile.

*

Fomu zilikwenda ofisini. Huko walikaa watu wa kuzihesabu, na kazi yao ilikuwa kutia kila jibu kwenye kisanduku chake: kazini, shuleni, ng'ambo, makazi ya kudumu, sijui. Jibu la namba 117 lilizunguka meza kwa meza siku nzima. Kisanduku cha kaburi hakikuwapo, na kuongeza kisanduku kunahitaji kuchapa upya. Wakatafuta kinachokaribiana.

Ijumaa moja turubai likasimamishwa tena. Ilikuwa siku ya kusoma matokeo. Vijana mia tatu walikaa kwa safu, fulana za kijani, na Waziri akapanda jukwaani na karatasi zilizojalidiwa.

"Ndugu zangu, leo mtanisamehe nikitokwa na machozi. Waliuliza, vijana wa Karibuni wanaelekea wapi? Tumejibiwa na takwimu! Kati ya vijana mia tatu, mmoja, narudia, mmoja, ameshapata makazi ya kudumu! Hakungoja miaka mitano! Serikali haikumjengea, hakudai kiwanja, hakuandamana. Na kwa niaba ya Rais, Mlezi Mkuu wa Taifa, natangaza leo: hatutapumzika mpaka vijana wote mia tatu wapate kama alichopata namba 117!"

Makofi. Dakika mbili. Wageni walipiga makofi, maofisa walipiga, vijana nao walipiga kwa mazoea. Klara peke yake aliinama, ameziba uso kwa viganja.

"Namba 117, njoo huku!" Waziri alimnyooshea Bi Siwazuri kipaza sauti. "Kijana, usiwanyime wenzako. Waeleze umefikaje."

Bi Siwazuri akapanda ngazi taratibu, magoti yake yakilia. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kinu. Hakumtazama Waziri. Aliwatazama vijana, safu kwa safu, wengine alikuwa amewafulia nepi.

"Shikamooni," alisema, maana alikuwa mdogo wao wote kwa fomu. Wakacheka kidogo. "Ni rahisi, wanangu. Makazi yenyewe yako safu ya tatu, nendeni mkayaone, kuna jiwe. Njia ni hii hii. Kesho ni Jumamosi. Nimepita mtoni asubuhi, maji ni mekundu, yana magogo. Ratiba imeshachapwa, saa tatu. Na majaketi nimeyafua mimi miaka mingi, ni kumi na mawili."

Makofi yakaanza tena kwa mazoea, ya dakika mbili kama ratiba ilivyosema. Yakakatika upande wa vijana kwanza, safu ya mbele, kisha ya nyuma yake, mpaka mikono karibu mia sita ikatulia magotini. Wageni wakaangaliana, wakashusha ya kwao. Waziri akatazama juu, kwenye turubai, kama aliyesikia mvua. Akabaki Bwana Fanuel Mkingule peke yake, pembeni mwa jukwaa, ratiba shingoni, anapiga makofi huku anaangalia saa ya mkononi, maana ilikuwa imebaki nusu dakika.

"Shikamoo, Bwana Mratibu," alisema Bi Siwazuri, na kipaza sauti kikaifikisha sauti yake hadi barabarani. "Na kesho, mbele ya boti anakaa nani?"